Uzio mzee ukianguka, mpya usimame palepale

BARAKA. Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwenye simu mkiwa Nyarugusu, Kalemie au Bujumbura, leo siongelei bei ya unga wala barabara ya Uvira. Naongelea uzio. Najua kuna watakaosema mwandishi amekosa habari. Wasubiri kidogo.

Jumatatu asubuhi mama mmoja alikuja kwenye redio, mtoto mgongoni, daftari la shule mkononi. Ni mjane. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 yaliingia nyumbani kwake, akafunga alichoweza kufunga akapanda kwa dada yake Fizi-centre. Sasa maji yamerudi nyuma, naye amerudi. Amekuta uzio wa matete uliokuwa kati yake na jirani haupo tena. Mahali pake kuna ukuta wa matofali ya kuchoma, mzuri, umenyooka, una simenti juu. Shida ni kwamba ukuta haukusimama pale matete yalipokuwa. Shimo la choo chake limebaki upande wa pili.

Ndani ya daftari marehemu mume wake aliandika vipimo walipopewa parsele: mita 20 kwa 25. Nilikwenda naye, nikaazima mita ya fundi, tukapima. Upana umebaki mita 18 na nusu. Fanyeni hesabu wenyewe. Mita moja na nusu, mara urefu wa mita 25, ni mita za mraba 37 na nusu. Hapo mtu anaweka chumba cha kulala, jiko na choo, na nafasi ya kuanika mihogo inabaki.

Nilizungumza na jirani pia. Siwezi kusema ni mtu mbaya, alinipa kiti na maji ya kunywa. Aliniambia: "Matete yalikuwa yameoza, mchwa wameyamaliza. Wezi walikuwa wanapita humo. Mwenyewe hayupo. Nikae wazi mpaka lini?"

Kwa sehemu ya kwanza ana haki kabisa. Uzio wa matete hapa kwetu hauishi. Mvua mbili tatu, mchwa anapanda kutoka chini, kamba zinakatika, mbuzi wa mtaa mzima wanajua mahali pa kupitia. Mtu aliyepata matofali na akaamua kujenga kitu cha kudumu, tumpongeze. Mimi sina ugomvi na ukuta. Ugomvi wangu ni na zile hatua mbili. Matete yalioza pale yaliposimama, hayakuoza huku yakitembea kuelekea kwa mjane.

Na tuseme ukweli ambao kila mtu wa Baraka anaujua ila tunausema kwa sauti ya chini: uzio mpya ukisogea, mara nyingi unasogea kuelekea kwa asiyekuwepo. Unasogea kuelekea kwa mjane, kwa yatima, kwa aliyekimbia vita. Sijawahi kuona uzio unaosogea kuelekea kwa afisa wa jeshi. Sijaona ukisogea kuelekea kwa mfanyabiashara mwenye maboti mawili. Matete ya tajiri nayo yanaoza, lakini siku ya kubadilisha anaitwa, kamba inavutwa mbele yake, na soda inanunuliwa.

Wengine wananiambia, "Ndugu mwandishi, acha, akirudi tutaelewana." Nani anaelewana na ukuta? Uzio wa matete ukikosewa, vijana wawili wanaung'oa kabla ya saa sita na kuurudisha. Ukuta ukishakauka, anayedai ndiye anayeonekana mgomvi. Ataambiwa, "Mama, jirani ametumia pesa nyingi, muonee huruma." Yaani aliyenyang'anywa ndiye aonee huruma. Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu, na lilitoka kwa mtu mwenye cheo mtaani.

Sasa niseme jambo la nyumbani kwetu. Mimi ni mtoto wa kambi. Wazazi wangu walivuka ziwa katika vita ya 1996, kama maelfu ya watu wa Fizi, nami nimejifunza kusoma Tanzania. Mwaka 2005 HCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, familia yetu haikuwa ya kwanza, lakini ilikuja wakati wake ikafika. Tuliposhuka, baba hakwenda kwanza kuuliza nyumba. Nyumba alijua imeanguka. Alikwenda kutafuta minyaa.

Minyaa ni ile miti ya kijani isiyo na majani ya maana, inayotoa maziwa yanayochoma macho. Wazee waliipanda kuzunguka kiwanja kwa sababu mbuzi haili, mchwa haipendi, na tawi lililokatwa ukilichomeka ardhini linaota. Tulikuta majani yamepita kimo cha mtu. Hakuna ukuta, hakuna mlango, bati hata moja. Lakini minyaa ilikuwa imesimama pande tatu, imekuwa miti mikubwa, inatuangalia. Baba alitembea kutoka pembe moja mpaka nyingine akihesabu hatua kwa sauti, mama anamfuata nyuma. Alipofika mwisho alisema tu, "Ni penyewe." Karatasi zote ziliungua katika vita. Waliotutetea mbele ya shefu walikuwa wazee wawili waliobaki, na ile miti.

Ndiyo maana nikiona leo mtu anang'oa minyaa mizee mpaka mizizi na kuichoma moto ili apate nafasi ya msingi, moyo unaniuma. Sikatai kwamba ni miti yenye hatari, maziwa yake yakimwingia mtoto machoni ni kilio na hospitali. Ikate ikiwa mifupi. Jenga ukuta wako upande wako, ndani ya mstari. Lakini acha walau visiki vya pembeni. Kisiki hicho hakiombi mshahara na hakijui kupokea bahasha.

Na bahasha ndiyo jambo la pili. Ukuta wa hatua mbili haujengwi usiku mmoja. Matofali yanapita barabarani kwa siku nyingi, fundi anapiga kamba mchana, mtaa mzima unaona. Shefu wa avenyu anaona. Katika mitaa mingine anafanya zaidi ya kuona: anaandika karatasi kwamba "mipaka imehakikiwa", bila kumwita jirani, bila shahidi, na anapewa kitu kidogo cha kalamu. Sisemi wote. Ninao mashefu ninaowaheshimu ambao hawawezi kusaini mpaka pande zote mbili zimesimama pale. Lakini wale wengine wajue karatasi yao inakwenda mbali kuliko wanavyofikiri.

Sikilizeni vizuri hapa, hasa ninyi mlioko mbali. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya taifa, na raia anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa, sio karatasi ya shefu. Wengi wetu hatuna cheti. Tuna karatasi ya mtaa, au hatuna kitu. Sasa jirani mwenye pesa akijenga ukuta ndani yako, kisha akaita wapimaji wa kadasta, wao watapima wanachokikuta: ukuta. Vipimo vitaandikwa, cheti kinaweza kutoka. Na cheti kikishatimiza miaka miwili, kukipinga kunakuwa kugumu mno. Mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia, sio kurudishiwa udongo. Miaka miwili! Kuna watu wa Bibokoboko wanaokaa hapa kwa jamaa zao muda mrefu kuliko huo. Kuna waliozaa watoto watatu Nyarugusu wakisubiri kurudi. Sheria inahesabu miaka, haiulizi ulikuwa wapi.

Sheria hiyohiyo haikuwaacha wanaosogeza, maana kung'oa au kuhamisha alama za mipaka ni kosa katika sheria ya adhabu ya nchi hii. Lakini nani amewahi kuona mtu wa Fizi amefungwa kwa kuhamisha uzio? Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikuja hapahapa Baraka kuwahukumu wanajeshi kwa ubakaji uliofanyika Fizi, na tuliona kwamba haki ikitaka kusafiri inaweza kusafiri. Kwa uzio haitasafiri. Hakuna jaji atakayepanda gari kwa ajili ya mita moja na nusu. Kwa hiyo kesi inabaki kwetu, kwenye avenyu, kwenye kanisa, kwenye lubunga kwa wazee.

Zamani lubunga ilikuwa na nguvu hapo. Mtu hakuweza kuhamisha mpaka halafu aje kukaa na wanaume wenzake kula na kucheka. Angeulizwa. Leo tunakaa naye, tunakula naye, na tukitoka nje ndiyo tunanong'ona.

Nitagusa na kidonda kingine, hata kama simu zitalia. Wapo majirani waliokimbia si kwa sababu ya maji, bali kwa sababu ya lugha wanayosema au ukoo wanaotoka. Wamekimbia huku na wamekimbia kule, milimani na kando ya ziwa, kila upande una wake. Na kila upande una watu wanaosema, "Huyo hatarudi, chukua tu." Huyo anayesema hivyo ajue kwamba kuna kijiji kingine ambako mtu anasema maneno hayohayo juu ya parsele ya shemeji yake. Ukihalalisha uzio wako kwa kabila la jirani, umehalalisha na ule uliomla ndugu yako.

Kwa upande mwingine nisiwafiche, waliorudi nao si malaika wote. Nimekwenda kwenye ugomvi ambapo mtu alitoka kambini na mpaka uliokuwa umekua kichwani mwake kila mwaka aliokaa huko. Aliondoka na mita 15, amerudi anadai 20. Ndiyo maana ushahidi unawafaa wote wawili, anayejenga na asiyekuwepo.

Basi unataka kubadilisha uzio mzee na jirani hayupo. Fanya hivi, haigharimu kitu kikubwa. Kabla ya kung'oa hata tete moja, mpigie simu. Namba yake iko kwa mtu, kwa pasta, kwa binamu, kwa muuza samaki. Akikosekana kabisa, ita ndugu yake na shefu wa avenyu na wazee wawili wasiokula kwako. Piga picha ya uzio wa zamani ukiwa bado umesimama, pamoja na kitu kisichohama, kama mwembe au pembe ya nyumba. Vuta kamba kwenye nguzo za zamani. Andikeni karatasi mbili za daftari, kila mmoja aweke kidole, moja ibaki kwa ndugu wa jirani. Na kama huna uhakika na mstari, weka matete tena, au mabati, kitu kinachong'oka. Ukuta utasubiri mwenyewe arudi. Wezi hawachagui kati ya mita 18 na 20.

Kando ya ziwa kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu maji ya 2020 na 2021, kisha yale ya 2024, yalibeba matete, miti na hata misingi. Huko msipime kutoka majini. Pimeni kutoka barabarani kuelekea ziwa, na wote wa mstari mmoja wapime siku moja, la sivyo wa kwanza kurudi atajichagulia na wa mwisho atapewa kinachobaki.

Barabara nayo isisahauliwe. Wako wanaoogopa kumwibia jirani kwa hiyo wanaiibia avenyu. Leo nusu mita, kesho wa mbele yake naye nusu mita ili nyuta zilingane. Kuna njia hapa mjini ambazo nilizipita mtoto nyuma ya gari la mizigo, na sasa pikipiki mbili zikikutana moja lazima irudi nyuma. Nyumba ikiungua humo, tutapeleka maji kwa beseni.

Na sisi wa redio tujiseme. Ugomvi wa uzio tunautangaza siku panga limeshatoka. Siku mama anapokuja na daftari lake tunamwambia sio habari. Mimi mwenyewe nilitaka kumwambia hivyo Jumatatu. Nilikuwa na haraka, nilikuwa nangojea msemaji wa serikali ambaye mwishowe hakuja.

Shefu wa avenyu amekubali kufika kwenye parsele ya yule mama Alhamisi saa tatu asubuhi. Jirani amesema atakuwepo. Mzee mmoja aliyekuwepo siku wanagawiwa viwanja anasema anakumbuka kisiki cha minyaa kilichokuwa kwenye pembe, na kwamba ukichimba utakuta mizizi yake chini ya ukuta au nje ya ukuta. Nimeomba jembe kwa fundi. Mama atakuja na daftari.