Karibu Isiyo na Mkeka

Katika nyumba ya Mswahili neno karibu si sauti tupu. Mgeni apigapo hodi na kuitikiwa, hutandikiwa mkeka au husogezewa kiti, huulizwa hali yake na hali ya nyumbani kwake, hupewa maji, kisha husikilizwa lililomleta. Nyumba ambayo humwitikia mgeni karibu na kumwacha amesimama mpaka achoke na kwenda zake haihesabiwi kuwa imekaribisha. Imefukuza kwa maneno mazuri. Karibu ya namna hii, karibu isiyo na mkeka, ndiyo ambayo vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki huwapa watu wa miji yao kila vinapotangaza kwamba mchezo wa kuigiza, usiku wa mashairi, maonyesho ya picha au mhadhara wa utamaduni ni wazi kwa watu wote.

Desturi yenyewe yajulikana. Tangazo hubandikwa ndani ya lango, mahali ambapo anayealikwa hafiki, na aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Saa iliyochaguliwa ni ya mchana wa siku ya kazi, fundi akiwa kiwandani na mama ntilie akiwa jikoni. Au ni ya usiku, wakati basi la kurudia nyumbani halitazamiwi tena. Mtu akishinda vikwazo hivyo hukutana na bawabu, akaulizwa kitambulisho chake na jina la mtu aliyemfuata. Akimshinda na bawabu, huingia ukumbini akakuta safu za mbele zimewekewa karatasi zenye vyeo visivyo vyake. Husikiliza hotuba moja baada ya nyingine kwa lugha asiyoitumia, hupiga makofi wenzake wapigapo, hutoka kama alivyoingia. Kisha chuo huandika katika taarifa yake ya mwaka kwamba kimewatumikia wananchi kwa sanaa.

Uwazi si jambo la mlango peke yake. Mtu hajaalikwa katika sanaa mpaka aweze mambo manne: kufika, kuketi, kufahamu na kujibu. La kufika ni la saa na njia. La kuketi ni la heshima. La kufahamu ni la lugha. La nne, la kujibu, ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo vyuo hulisahau hata pale vinapokumbuka yale matatu. Wengi hudhani kwamba hasara ya kusahau huko ni ya wananchi, ambao hukosa mwanga wa wasomi. Dhana hiyo ina kiburi ndani yake. Wananchi wana ngoma zao, taarabu zao, maulidi yao na hadithi zao. Hawakai gizani wakingojea taa ya chuo. Mwenye hasara ni chuo chenyewe, kwa kuwa sanaa yake hukosa hakimu.

Hakuna sanaa ya Waswahili iliyokua bila ya hakimu huyo. Katika ngoma duara huwa wazi, na asiyecheza huitikia. Mchezaji ajuaye huonekana, na asiyejua huonekana upesi zaidi. Katika taarabu msikilizaji aliyeguswa na neno huinuka mahali pake, akaenda mbele na kumtunza mwimbaji mbele ya macho ya wote. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, viliposhindana katika miji ya pwani na ya bara katika karne iliyopita, aliyeamua mshindi alikuwa mji. Washairi wa gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, waliulizana na kujibizana mbele ya wasomaji waliojua mizani na vina sawa na wao, na mshairi aliyeteleza alirekebishwa hadharani na mtu ambaye huenda hakumwona maishani. Mithali yasema mcheza kwao hutunzwa. Maana yake si sifa tu; ni kwamba tuzo ina thamani itokapo kwa watu wanaomjua mchezaji na kuujua mchezo.

Mwenye shaka na autazame mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1960 na 1970. Chama cha UKUTA, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilikuwa na kiongozi maarufu, Mathias Mnyampala, ambaye hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanza kutunga mashairi yasiyofuata vina na mizani, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, walikutana na upinzani mkali wa watu ambao kanuni za ushairi walizipata kwa wazee wao na si darasani. Maneno yalikuwa makali, na mengine hayakuwa ya haki. Walakini mgogoro ule ulizifaa pande zote mbili. Wanamapokeo walilazimika kueleza kwa nini kanuni ni kanuni, na wanamabadiliko walilazimika kuthibitisha kwamba wameacha vina kwa kukusudia na si kwa kushindwa. Lau vijana wale wangalisomeana mashairi yao katika ukumbi wenye wanafunzi wenzao peke yao, wangalipata makofi tele, na fasihi ya Kiswahili ingalipata faida ndogo.

Hali ya leo ni kinyume. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inasimulia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, vita vya wakulima waliokusanyika pamoja kwa ajili ya neno moja. Iliandikwa ili isemwe kwa sauti mbele ya umati. Lakini wako vijana wengi walioisoma, wakaitolea maelezo katika mtihani, wakafaulu, wala hawajaiona hata mara moja jukwaani. Wameijua kama mtu ajuavyo chakula kwa kusoma bei yake. Majukwaa yapo vyuoni, waigizaji wanafundishwa, taa zinawaka. Na mara nyingi mtazamaji wa maana katika ukumbi ule ni mwalimu mmoja mwenye kalamu, ambaye kazi yake ni kutoa maksi. Sanaa ambayo hakimu wake ni mtahini peke yake hujifunza kumpendeza mtahini. Baada ya miaka mingi haitaweza kumpendeza mtu mwingine, na italalamika kwamba watu wamepoteza ladha.

Wala haisemeki kwamba vyuo havikupata kujua njia nyingine. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianza safari za jukwaa lao la bure, wakapeleka michezo katika miji na vijiji, kwa Kiingereza na kwa lugha za watu wenyewe, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatoa wanafunzi wake kwa namna hiyohiyo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kilianza tamasha lake mwaka 1982. Chuo kile kimejifunza kwamba tamasha katika mji mdogo haliwezi kuwa la wageni tu, kwa sababu mji huja bila ya kuitwa, na watoto wake huwa wepesi kumcheka mchezaji mzembe kuliko mtahini yeyote.

Mfano mzito kuliko hiyo ni wa Kamirithu, karibu na Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wote wawili wakiwa wakati ule katika Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika mchezo kwa Kikuyu pamoja na wanakijiji. Wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa wenyewe chini ya mbingu, wakawasahihisha waandishi hao katika lugha na katika habari za maisha yao. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali chake kikaondolewa. Na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Hapana shaka wenye mamlaka walifahamu jambo ambalo vyuo hujifanya havilifahamu: sanaa ikiwafikia watu ina nguvu. Ukumbi usio na watu haumtishi mtu yeyote. Labda ndiyo sababu karibu isiyo na mkeka imedumu muda mrefu, kwa kuwa ina faida mbili: humpa mwenyeji sifa ya ukarimu na kumwepusha na hatari ya wageni.

Watetezi wa desturi hii wana hoja zao, na haki ni kuzisikiliza. Wa kwanza husema: watu huitwa, hawaji. Lakini watu haohao hujaza viwanja vya mpira, hukesha katika maulidi, na hutoka mbali kwa ajili ya taarabu. Si wavivu wa kutoka. Ni wepesi wa kutambua mahali ambapo kuwapo kwao hakuhitajiwi. Wa pili husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mithali hiyo ni nzuri, ila hata mwenye embe tamu huzipanga barabarani. Hazifungii kabatini akalaumu wapita njia kwa kutozinunua.

Wa tatu husema kwamba kuwafuata wananchi ni kushusha daraja ya sanaa. Hoja hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa maana huivunjia heshima historia ya lugha yenyewe. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 hivi, ulihifadhiwa vifuani mwa wanawake wengi ambao hawakuingia chuo kikuu, na lugha yake si nyepesi. Watu wa mwambao walizoea kusikiliza tenzi ndefu na kuuliza maana ya neno lililowapita. Asemaye leo kwamba wajukuu wao hawawezi kuubeba mchezo mzito au shairi gumu hasemi habari za wajukuu hao. Anasema habari za woga wake. Wa nne hutaja usalama wa mali ya chuo. Ni kweli kwamba maktaba na maabara zahitaji kufuli. Lakini ukumbi si maabara, na bawabu aliyefundishwa kumzuia mwizi aweza pia kufundishwa kumwonyesha mgeni njia.

Juu ya hoja zote hizo lipo deni. Kwa miaka mingi vyuo vimekwenda kwa watu kuchukua. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimewekwa hati za kale na kanda za sauti ambazo J. W. T. Allen alizikusanya kwa watu wa pwani, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970, kwa Kiingereza. Kuhifadhiwa kwa hati zile ni jambo la kushukuriwa, maana nyingi zingaliliwa na mchwa. Lakini kila mwaka wanafunzi wa vyuo mbalimbali huendelea kwenda vijijini na vinasa sauti, wakaandika nyimbo za unyago, ngano na majigambo, wakarudi, wakapata digrii. Bibi aliyewaimbia hupewa ahsante. Wimbo wake unapochezwa katika ukumbi wa chuo, yeye hayupo. Na kama wasemavyo watu, asiyekuwepo na lake halipo. Hatakuwapo wa kusema kwamba ubeti mmoja umerukwa, kwamba wimbo huu hauimbwi mbele ya wanaume, au kwamba hatua zile ni za ngoma nyingine.

Tangu mwaka 2022 ulimwengu huadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, baada ya UNESCO kuitangaza mwaka 2021. Siku hiyo ndiyo kipimo chepesi cha kila chuo. Na itazamwe nani amepewa saa ya asubuhi, nani amewekwa mwisho wakati watu wameanza kuondoka, na kama mshairi wa mtaani amelipwa sawa na msomi aliyesoma makala, au amepewa soda na kofia. Dawa yake haihitaji kamati mpya. Matangazo na yaandikwe kwa Kiswahili na yapelekwe sokoni, misikitini, makanisani na vituo vya basi. Saa na ichaguliwe kwa kuwauliza wanaoalikwa. Kila mchezo unaoonyeshwa chuoni na uonyeshwe pia katika kata moja ya mji. Na fedha ikipungua, na ipunguzwe karamu ya wageni waheshimiwa kabla ya nauli ya waigizaji. Safu ya mbele na iwe ya aliyewahi. Pazia likifungwa, mazungumzo yafunguliwe, na neno la kwanza lipewe mtu asiye wa chuo. Na yule bibi aliyetoa wimbo aletwe, aketishwe, alipwe, aulizwe.

Chuo kilichoyaona haya kuwa mazito kina njia moja ya kujisetiri, nayo haina gharama. Kiandike katika matangazo yake kwamba sanaa hii ni ya wenyewe, iliyotengenezwa na wenyewe ili isifiwe na wenyewe. Watu wa mji watalisoma tangazo hilo bila ya kinyongo, kwa sababu angalau litakuwa limesema kweli.