Kabla hujafowadi, uliza huyo ni mtoto wa nani



Leo naanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana nikiwa hosteli, picha ya kijana iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la darasa. Amevaa kanzu na kofia, anatabasamu. Chini yake imeandikwa kwamba anatafutwa kwa mambo ya ugaidi, ukimwona piga ripoti, sambaza haraka kabla haijafutwa.

Sikusoma mara mbili. Niliisukuma kwa makundi manne: la mtaa, la mpira, la wenzangu wa madrasa na la familia. Hata dakika haikuisha. Nikaweka simu chaji nikalala, najiona nimefanya jambo la maana.

Asubuhi mamangu akapiga. Hata salamu hakutoa. "Ile picha uliyotuletea, wamjua yule ni nani?" Simjui. "Ni mtoto wa jirani yetu wa zamani. Yule aliyekuwa akikushika mkono kukuvusha barabara ukienda madrasa."

Wallahi nilikaa kitandani nikaishiwa nguvu. Alikuwa amefuga ndevu, sikumtambua. Picha yenyewe alipigwa siku ya nikaha ya dadake, akaiweka kwenye stetasi yake. Nani aliichukua na kuiandikia maneno yale, mpaka leo hatujui. Hakuna aliyekuwa akimtafuta. Hakuna kesi. Lakini alikuwa akihudumu kwa duka la M-Pesa, na wateja wakaanza kupita mbali. Mwenye duka akamwambia apumzike kwanza. Mamake akaacha kwenda harusini, maana akiingia watu wananyamaza.

Niliandika masahihisho kwa makundi yale manne. Watu watatu wakaweka kidole gumba. Mmoja akajibu, "Lisemwalo lipo." Basi, ikaishia hapo. Uongo ulikuwa umefika mpaka kwa watu nisiowajua, na ukweli haukutoka nje ya makundi yangu manne.

Sasa wewe unayesoma, hebu tuulizane. Ni mara ngapi tumelalamika kwamba magazeti na runinga zinamchora kijana Mwislamu kama mshukiwa? Kanzu, ndevu, mtaa fulani, basi ushahukumiwa. Malalamiko hayo ni ya haki na sitaki tuyaache. Lakini picha ile haikuletwa na mwandishi wa habari. Ililetwa na mimi, na kabla yangu na wenzangu wa darasani. Tulifanya kazi ileile tunayowalaumu wengine, tena bure, kwa bando letu wenyewe.

Aya ya sita ya Surat Al-Hujurat tunaijua wengi tangu tukiwa wadogo: mtu asiyeaminika akikuletea habari, ichunguze kwanza, usije ukawadhuru watu kwa kutojua kisha ukajuta. Mimi niliihifadhi nikiwa na miaka kumi. Majuto yake nimeyajua nikiwa na ishirini na moja.

Tuelewe pia hizi simu zinavyofanya kazi. Mitandao mikubwa kama Facebook hupata pesa zake nyingi kutokana na matangazo, kwa hivyo inataka ukae pale muda mrefu. Kinachokukasirisha au kukutisha kinakukalisha, na ukikijibu kinasukumwa mbele zaidi. WhatsApp nayo ujumbe wake umefungwa, anayeuona ni aliyetuma na aliyetumiwa. Hiyo ni kinga nzuri kwa faragha yetu. Ila pia ina maana kwamba hakuna mhariri hapo katikati. Mhariri ni wewe na kidole chako.

Wenye kampuni wenyewe waliona hatari. Mapema 2019 WhatsApp ilipunguza idadi ya mazungumzo unayoweza kufowadia kwa mara moja hadi matano. Aprili 2020, ujumbe uliosambazwa mara nyingi ukawa unaenda kwa zungumzo moja tu kwa wakati mmoja. Huo ndio wenye alama ya mishale miwili. Ukiona mishale hiyo, jua umepita mikono mingi, na huenda anayekutumia hajui ulikoanzia.

Ukidhani nakuza mambo, wakumbuke ndugu zetu Warohingya wa Myanmar. Kuanzia Agosti 2017, zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema 2018 kwamba Facebook ilichangia kueneza chuki dhidi yao, na mwaka huohuo kampuni ikakubali kwamba haikufanya ya kutosha kuizuia. Chuki ile ilitoka kwa wakubwa wenye mipango yao, ndiyo, lakini pia ilipita kwa watu wa kawaida, mmoja akimpasia mwingine.

Najua utaniambia, "Lakini ndugu, tukingoja kuhakikisha kila kitu, mtu atapotezwa sisi tumenyamaza." Kweli. Vijana wamechukuliwa nchini humu, na kelele za mapema ni muhimu. Ila kuomba msaada kwa ajili ya mtu na kumtuhumu mtu ni mambo mawili tofauti. Kama kuna aliyepotea, taja jina, mahali na siku alipoonekana mwisho, na nambari ya jamaa yake aliyekubali itolewe. Piga ile nambari wewe kwanza. Akipatikana, rudi useme amepatikana. Lakini picha inayomwita mtu mgaidi, mwizi au mchawi, bila jina la anayesema wala njia ya kumuuliza, hiyo iishie kwako.

Kuchunguza si kazi ya wataalamu peke yao. Picha unaweza kuitafuta kwa Google Lens au TinEye ukaona kama ilishatokea kwingine miaka iliyopita. Lakini tahadhari: usipopata kitu haimaanishi ni kweli. Picha ya yule ndugu isingepatikana, maana ilitoka kwenye simu yake. Hapo kilichohitajika ni kuuliza tu: nani amesema, amejuaje, na kuna chombo gani kinachojulikana kilichoripoti? Ningemuuliza mamangu kabla ya kutuma, angenijibu papo hapo. Na siku hizi programu za akili mnemba zinaiga hata sauti ya mtu, kwa hivyo kusikia "sauti ya sheikh fulani" si ushahidi tena. Mtafute sheikh mwenyewe au walio karibu naye.

Na kama aliyechafuliwa ni wewe, usijifungie ndani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kudai habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Ikiwa ni chombo cha habari, peleka malalamiko kwa Baraza la Vyombo vya Habari. Piga skrinshoti mapema, kabla aliyeandika hajafuta.

Nilikwenda kumwomba msamaha yule ndugu. Nilitayarisha maneno mengi, yakaniishia mlangoni. Akanikaribisha chai, akasema, "Wewe angalau umekuja." Kazi alipata kwingine baadaye, alhamdulillahi, lakini stetasi yake sasa haina picha hata moja.

Ombi langu ni dogo. Leo usiku, kabla hujalala, rudi nyuma kwenye makundi yako, utazame ulichofowadi mwezi huu. Ukipata kimoja ambacho hukukihakikisha na kimemtaja mtu, kifute, kisha andika palepale kwamba ulikosea. Utaona haya kidogo. Mimi niliona, na ningetamani ningeona mapema zaidi.

Wabillahi tawfiq.

Mwanafunzi wa chuo, Mombasa