Wanafunzi wa Kasongo wachore ramani za vijiji vyao

Mwaka 1981 jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Kasongo, mkoani Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo. Dunia ilijifunza kitu kutoka Maniema kwa sababu kuna watu waliohesabu watoto na kuwafuatilia kwa subira. Leo kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa kwa simu, na Kasongo ina chuo kikuu chake. Wanafunzi wakifundishwa kompyuta kwa ajili ya ofisi tu, sehemu za vijijini kama Lusangi hazitafaidika.

Mfano wa wanafunzi kuchora ramani upo. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Ardhi kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora nyumba, njia na mitaro pamoja na wakazi. Mtu atasema Dar es Salaam ina umeme na mtandao. Ni kweli, lakini programu za kukusanya takwimu kama ODK huhifadhi majibu ndani ya simu mpaka mtandao upatikane, na sola ndogo huchaji simu. Hofu nzito zaidi ni usalama. Eneo la Kabambare, humo humo Maniema, lenye dhahabu ya Namoya, limeshuhudia makundi yenye silaha, na ramani yaweza kuangukia mikono mibaya. Kwa hiyo maadili ya takwimu yafundishwe kwanza, na wanakijiji waamue kipi kichapishwe. Wakuu wa chuo, anzeni na ramani za visima na vituo vya afya.