Sponji ya godoro si ea klina

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka kuzungumzia dude dogo linalokaa ubavuni mwa injini ya dizeli kwenye mashua ya matanga, lile ambalo mafundi wetu wanaliita ea klina. Najua wapo watakaosema huyu jamaa kakosa cha kuandika. Sawa, cheka, halafu uendelee kusoma.

Magazeti yetu yakiandika habari ya chombo kilichokwama baharini huishia pale pale: injini ilizimika, chombo kikachukuliwa na mkondo, wavuvi wakaja kuokoa watu. Basi, tunageuza ukurasa tunasoma Simba na Yanga. Hakuna anayeuliza injini ilizimwa na nini. Utadhani injini zina tabia ya kususa.

Watu wa bahari watakwambia tanga ndiyo injini, hiyo ya chuma ni msaidizi tu. Ni kweli, mpaka upepo ukate. Kipindi cha tangambili, kati ya kaskazi na kusi, upepo unaweza kulala nusu siku nzima, lakini mkondo wa pwani yetu haulali, unakwenda kaskazini mwaka mzima. Ukiwa katikati ya Tanga na Pemba huku tanga linaning'inia kama kanga iliyoanikwa, hapo yule msaidizi ndiye bosi. Sasa huyo bosi anapumua nini?

Chukua Yanmar 2GM20, moja ya injini ndogo ambazo utazikuta kwenye mashua nyingi za matanga duniani tangu miaka ya 1980. Ina silinda mbili, kila moja kipenyo chake milimita 75 na mwendo wa pistoni milimita 72. Jumla ni sentimita za ujazo 636, ndogo kuliko injini ya Vitz. Ni ya mipigo minne, kwa hiyo kila silinda inavuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, hesabu ya karatasi inakupa lita 1,145 za hewa kila dakika. Ondoa upotevu, bado uko karibu na lita 1,000. Yaani mapipa matano ya lita 200. Kila dakika! Na dizeli haina kile kilango cha kubania hewa kama injini za petroli za zamani. Ukilegeza mkono kinachopungua ni mafuta. Kwa idadi ile ile ya mizunguko inavuta hewa ile ile, iwe na mzigo au iwe tupu.

Hewa yote hiyo inapita kwenye kipande cha sponji unachoweza kukishika kiganjani. Kimo ndani ya kikopo chenye vibanio. Unafungua, unakitoa, unakiosha kwa maji ya sabuni, unakikausha kabisa, unakirudisha. Hata mimi niliyesomea uandishi wa habari nakiweza. Kazi yake ni kuzuia uchafu na, kwa kusaidiana na kikopo chenyewe, kupunguza ule mvumo wa hewa inayovutwa.

Shida ni kwamba injini hii inajipumulia yenyewe usoni. Gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni huteremka hadi kwenye oili, kisha hurudishwa kwa mpira mwembamba mpaka mdomo wa kuvutia hewa. Zinakuja na ukungu wa oili. Oili hiyo, joto la chumba cha injini na miaka kadhaa vikikutana, sponji inakuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Inamegeka. Na ikimegeka vipande havidondoki chini, vinavutwa ndani.

Hapo ndipo mafundi wetu wanapogawanyika. Wapo wanaong'oa sponji na kuitupa, hoja yao ikiwa baharini hakuna vumbi. Kwa mashua ya mtalii iliyoko katikati ya bahari nitakubali kwa shingo upande. Lakini jamani, jahazi letu linabeba nini? Saruji, unga, mkaa, boriti, chumvi. Injini haivuti hewa ya bahari kuu, inavuta hewa ya chini ya sitaha, palepale mfuko wa saruji ulipopasukia. Vumbi la saruji likikutana na oili kwenye ukuta wa silinda linakuwa msasa. Ringi zinalika, gesi nyingi zaidi zinapenya, ukungu wa oili unaongezeka, nguvu inapungua. Hutaona kitu leo wala kesho. Utaona mwaka kesho, na utamlaumu aliyekuuzia dizeli.

Kundi la pili ndilo linalonitisha. Niliwahi kwenda Tanga kwa kazi nyingine kabisa, nikajikuta ufukweni nikimtazama fundi mmoja mtu mzima akikata sponji ya godoro kwa wembe. Nikamwamkia, nikamuuliza ya nini.

"Ya ea klina, mwanangu. Ile yenyewe imeoza."

"Na hii itadumu, mzee?"

"Itafika Pemba."

Hakuwa mjinga yule mzee. Mikono yake ilijua injini kuliko digrii yangu inavyojua chochote. Alishamwomba mwenye chombo hela ya spea, akaambiwa safari kwanza. Lakini sponji ya godoro imetengenezwa ili tulalie, haikutengenezwa kukaa kwenye oili ya moto huku inavutwa na pistoni. Ama matundu yake ni madogo mno na injini inakabwa, ama inalegea na kumegeka upesi kuliko ile iliyotolewa.

Halafu kuna kundi la tatu, la vijana wa intaneti na wageni wanaopita Kilifi na Tanga na mashua zao. Hawa wanataka chujio la pamba lililopakwa oili, aina ya K&N, lile la magari ya mashindano. Wanakuahidi nguvu. Hapa nitawaudhi baadhi yenu: nguvu hiyo sahau. Kwenye dizeli ndogo isiyo na turbo, kama sponji yako ilikuwa safi, utakachoongeza ni kidogo mno kukihisi. Utapata kelele zaidi, kwa sababu umeng'oa kile kikopo kilichokuwa kinazimeza. Ukitaka hewa nzuri kweli, tazama matundu ya chumba cha injini. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo kwa kila lita, na vyumba vingi vimezibwa kwa magunia na kamba mpaka injini inavuta joto lake yenyewe.

Pamoja na hayo mimi naunga mkono chujio la pamba, ila kwa sababu nyingine. Halimegeki kama sponji. Unaliosha, unalipaka oili yake kidogo, unalirudisha, na linakaa miaka. Kwa chombo kinachofanya kazi mbali na duka la spea hiyo ni faida kubwa kuliko farasi wawili wa kwenye tangazo. Masharti yapo. Mdomo wake ulingane na mdomo wa injini, usilazimishwe kwa tepu. Lishikwe na brakete, maana ukiliacha lining'inie kwenye mpira mtetemo wa silinda mbili utalidondosha. Na ule mpira wa gesi za oili upitishwe kwanza kwenye kichupa cha kutegea oili, usiuelekeze chujioni moja kwa moja, la sivyo utakuwa umenunua sponji ya bei mbaya.

Na moshi mweusi? Wengi wakiuona wanakimbilia ea klina. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, hilo ni sahihi, lakini sababu ziko kadhaa. Ngalawa au mashua yenye makome na mwani chini inaielemea injini. Pangaboi kubwa kupita kiasi vilevile. Na lipo eneo ambalo karibu kila mtu analisahau: kile kiwiko cha ekzosti ambapo moshi unakutana na maji ya bahari ya kupoozea. Masizi na chumvi hukiziba polepole, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine hata ukiivalisha chujio la dhahabu. Kwa hiyo fungua kiwiko kabla hujafungua pochi.

Kuna jambo moja zaidi la kuwaambia mabaharia. Dizeli iliyochoka ikianza kunywa oili yake kupitia mdomo wa hewa inaweza kukimbia yenyewe, mizunguko inapanda, unafunga mafuta na haizimiki, kwa sababu haili tena mafuta ya tangi. Njia iliyobaki ni kuinyima hewa. Wekeni karibu kipande cha ubao kinachofunika mdomo huo vizuri. Msitumie kiganja, na msitumie tambara, litamezwa.

Turudi kwa wenye vyombo. Wanasema spea ni ghali na mizigo hailipi. Huenda, lakini mwenye chombo injini ikizimika yuko nyumbani anakunywa kahawa. Aliyeko majini ni nahodha, mabaharia wake na abiria wenye kuku na magunia, na hao hawakuulizwa kuhusu godoro. Nahodha akigoma anaambiwa vijana wa kuendesha wapo wengi. Kwa hiyo sioni kwa nini uamuzi huu uachwe kwa mwenye hela peke yake.

Wakaguzi wa TASAC kwa upande wa bara na wa Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar wanapokagua chombo, ningeomba vilevile wafungue kile kikopo. Ni suala la dakika moja, bila kipimo wala kompyuta. Wakikuta sponji inamegeka kwenye vidole, au wakikuta maua ya kitambaa cha godoro, chombo kisubiri spea na mwenyewe aitwe aje kuileta.