Kuanza sifuri: mstari si sawa kwa wote



Kuna msemo wa Kiingereza unaosikika sana kwa watu wa mashirika ya kiutu: "start from scratch". Wakalimani wetu wanasema "kuanza sifuri". Maana yake ni kuanza upya kabisa, bila kitu mkononi. Mama akitengeneza mkate tangu unga, bila kununua chochote kilicho tayari, Waingereza wanatumia msemo huohuo.

Asili yake ni michezo. "Scratch" ni mkwaruzo, mstari uliochorwa chini mahali mashindano yanapoanzia. Katika mbio fulani za zamani huko Uingereza, wakimbiaji dhaifu waliwekwa mbele ya mstari. Aliyeanza kwenye mstari wenyewe alikuwa mwenye mbio kuliko wote, asiyehitaji kusaidiwa.

Hapo ndipo ninapokataa. Familia iliyorudi Masisi ao Rutshuru baada ya kambi za Goma kubomolewa mwezi wa pili 2025 haiko kwenye mstari. Iko nyuma yake. Shamba limekuwa pori, mbegu zililiwa kwa njaa, mbuzi waliibwa, mtoto amepoteza mwaka wa masomo, na deni linangoja. Kwa familia hiyo, hata sifuri iko mbali.

Tena hawakurudi na vichwa vitupu. Lava ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya mji wa Goma mwezi wa kwanza 2002, wakaaji walirudi wakajenga juu yake, na mawe yake wakayafanya kuta. Nyumba ziliungua, ujuzi haukuungua. Leo vilevile, mkulima anajua udongo wake, na fundi wa chukudu anajua mti unaofaa kuchongwa.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi na wafadhili: msitupe turubai moja na kusema "anzeni upya". Ulizeni kwanza mtu alikuwa na kazi gani, na nini kilichukuliwa kwake. Leteni mbegu na majembe kabla ya mvua ya mwezi wa tisa, si baada yake. Mtoto arudishwe darasani hata kama mzazi hana kitu.

Hata wale waliochora mstari walijua kwamba aliye dhaifu husogezwa mbele kwanza, ndipo mbio zinaanza.