Kabla ya sindano ya paka, maswali kwanza

Mazungumzo mengi kuhusu chanjo ya paka huanzia kwenye bei na kuishia hapo hapo. Mwenye paka hupiga simu kwa daktari wa mifugo, huuliza sindano ni shilingi ngapi, hutajiwa, kisha ama huja ama haji. Akija, paka hutolewa kwenye kikapu, hudungwa, kadi hugongwa muhuri, na mwaka ukipita mambo hurudiwa vile vile. Hakuna aliyeuliza paka huyo analala wapi, anapita nyumba za nani, wala amekingwa na ugonjwa gani.

Mtindo huo una hasara pande zote mbili. Kuna paka wanaodungwa kila mwaka chanjo ambayo kinga yake bado ipo, na kuna wengi zaidi wanaokufa wachanga kwa ugonjwa ambao ungezuiwa. Uamuzi mzuri hutoka kwenye maongezi ya daktari na mtu anayemlisha paka huyo kila siku. Isipokuwa kwa chanjo moja tu: hiyo haina mjadala.

Chanjo hiyo ni ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaokufa. Kweli, karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Lakini paka anayezurura usiku anaweza kung'atwa na mbwa huyo huyo, na asubuhi akarudi kulala kitandani pamoja na watoto. Dalili zikishajitokeza, kwa mnyama au kwa mtu, kupona ni nadra mno. Kwa hiyo mwenye paka anayesema wake ni mpole na hang'ati anajibu swali ambalo hakuulizwa. Kwa chanjo hii, anayekingwa ni nyumba nzima na majirani pia. Na mtu akiumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo ndipo maswali huanza.

Sindano ya msingi ambayo madaktari wengi hutumia hukinga magonjwa matatu kwa pamoja. La kwanza ni panlukopenia, nalo ndilo la kutisha. Paka mchanga aliyekuwa akikimbiza kifuniko cha chupa asubuhi, jioni amejikunyata kando ya bakuli la maji bila kunywa, anatapika na kuhara, huku chembe nyeupe za damu zikishuka. Virusi vyake huweza kuishi mwaka mzima sakafuni au kwenye boksi alimolala mgonjwa. Sabuni ya kawaida haivimalizi. Dawa ya klorini ya kutoa madoa, iliyochanganywa na maji, ndiyo inayoviua. Vinaweza hata kuingia ndani kwa soli za viatu, ndiyo maana paka asiyetoka nje naye huhitaji kinga hii.

Mengine mawili ni mafua ya paka, yanayoletwa na virusi vya hepesi na kalisi: chafya, tongotongo, vidonda ulimini. Hapa daktari mkweli atasema wazi kwamba chanjo hupunguza makali tu. Paka aliyechanjwa anaweza bado kupiga chafya.

Wengi hukosea kwenye ratiba. Mtoto wa paka huzaliwa na kupata kinga kutoka kwenye maziwa ya mama, na kinga hiyo hiyo huweza kuizima chanjo. Kwa kuwa si rahisi kujua itakwisha lini, mwongozo wa Chama cha Dunia cha Madaktari wa Wanyama Wadogo unashauri kuanza kwenye wiki 6 hadi 8, kurudia kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, kisha kuongeza dozi nyingine karibu na wiki ya 26. Anayepeleka paka mara moja akiwa na wiki nane, akaona kazi imekwisha, amemwacha nusu njia.

Akishakua, mambo hubadilika. Paka anayeishi peke yake ndani ya nyumba, kwa mwongozo huo huo, anaweza kurudia sindano hiyo ya msingi kila baada ya miaka mitatu. Anayeachwa kwenye nyumba ya kulelea wanyama kila familia inaposafiri huenda akahitaji ya mafua kila mwaka. Anayepigana juu ya mapaa na paka wa mtaa aangaliwe pia kwa lukemia ya paka, inayoenea kwa mate na kung'atana. Huyo hupimwa damu kwanza, kwa sababu chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Ya kichaa cha mbwa hufuata sheria ya nchi na maelekezo ya mtengenezaji.

Madhara nayo yasifichwe. Mwaka 1991 wataalamu wa Pennsylvania, Marekani, waliripoti uvimbe wa saratani uliokuwa ukiota mahali paka walipodungwa. Ni jambo adimu, na hatari ya panlukopenia kwa paka mchanga ni kubwa zaidi kwa mbali. Hata hivyo, liliwafanya madaktari wengi waache kudunga katikati ya mabega na kuhamia mguuni au mkiani, ambako uvimbe ni rahisi kukatwa. Uvimbe uliodumu miezi mitatu, uliozidi sentimita mbili, au unaoendelea kukua mwezi mmoja baada ya sindano, urudishwe kwa daktari. Paka mwenye mimba asipewe chanjo yenye virusi hai, na mgonjwa asubiri apone.

Daktari atasema ana foleni, na mwenye paka atasema hana hela. Yote mawili ni kweli. Lakini maswali haya huchukua dakika tano, na hela ikiwa kidogo, mpangilio uko wazi: kichaa cha mbwa na dozi za utotoni kwanza, mengine baadaye. Kampeni zinazofanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, zisiachiwe mbwa peke yao.

Katika miji ambako umeme hukatika, mteja ana haki ya kuuliza friji inasoma nyuzi ngapi, maana chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya 2 na 8. Na muhuri mtupu kwenye kadi hautoshi. Iandikwe chanjo gani, namba ya toleo, tarehe, na sehemu ya mwili iliyodungwa, ili daktari mwingine, hata wa mji mwingine, aanze pale mwenzake alipoishia.