Mtoto Akitaka Samaki Wakubwa

Likizo iliyopita nilikuwa kwa dada yangu, Iramba, karibu na Ziwa Kitangiri. Jioni moja mpwa wangu wa miaka 14 alirudi na perege watano kwenye ndoo, hakuna aliyezidi kidole. Mama yake akawatazama, akasema, "Mwanangu, hawa hawatoshi hata mboga ya mtu mmoja." Kijana akanuna. "Mama, ziwa limeisha samaki."

Nikamwambia ziwa halijaisha, bali yeye alikuwa anavua chumba cha watoto. Perege dume huchimba kiota kwenye maji mafupi ya kando. Jike hutaga pale, kisha huyabeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na vifaranga huendelea kukimbilia kinywani humo wakiona hatari. Wakishajitegemea hubaki kwenye matete na maji ya magotini. Wakubwa, jua likipanda na maji ya kando yakipata moto, husogea ndani kwenye ubaridi. Ndiyo maana Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zinapiga vita kokoro: likiburutwa ufukweni hukomba mayai, vifaranga na viota kwa pamoja.

"Basi niende ndani," akasema kijana. Dada akaweka mwiko chini. "Huendi. Hujui kuogelea."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, wazazi wenzangu. Mtoto alikuwa na haki ya kutaka samaki wa maana. Mama naye alikuwa na haki ya kuogopa. Upepo wa mchana ukivuma, mtumbwi mdogo hauna huruma. Tulikaa, tukakubaliana: kwanza kuogelea, akifundishwa kwenye maji ya kiunoni. Pili, jaketi okozi mwilini, si chini ya kiti. Tatu, aende na mzee jirani anayelijua ziwa, watoke alfajiri na kurudi kabla ya upepo.

Ilichukua wiki tatu za likizo. Siku ya kwenda, mzee alimfundisha kupima kina kwa kamba yenye jiwe, mafundo yakiwa pima moja moja. Walipopiga kafi kutoka kando, jiwe lilishuka pole pole, halafu ghafla kamba ikaongezeka fundo zima. Hapo ukingo wa chini ulipoinama, wakatia nanga. Ndoana yenye chubwi ikashushwa hadi chini, ikapandishwa kidogo. Pasipo kuguswa, wakaivuta fundo jingine juu. Samaki alipouma, mzee akasema, "Kumbuka fundo hilo. Wenzake hawako mbali."

Walirudi saa tatu na nusu asubuhi, maji yakiwa bado yametulia. Perege watatu wa kiganja kizima na kambale mmoja. Dada alikuwa amesimama ufukweni tangu saa mbili, khanga imefungwa kiunoni. Hakuwatazama samaki. Alikagua kwanza kamba za jaketi, akaona zimefungwa zote, ndipo akachukua ndoo.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikuomba kwenda ndani zaidi, usimjibu "hapana" tupu. Mwambie anachopaswa kujua kwanza, kisha umfundishe.